Madodoki ya Manowari

Manowari ile ilikuwa na mzinga mbele, bendera nyuma, na kiburi kutoka ncha hadi ncha. Kilichoisukuma, hata hivyo, kilikuwa maji yaliyochemka tu, sawa na yale yanayotikisa kifuniko cha chungu cha mama yangu. Waliokaa juu ya sitaha hawakupenda kulikumbuka jambo hilo. Kwao chombo kilikwenda kwa amri. Nahodha alisema "mbele", kikaenda mbele. Akasema "simama", kikasimama. Kati ya neno lake na mwendo wa chombo hakuona kitu, wala mtu. Mimi na kaka yangu tuliishi humo, katika hicho asichokiona.

Kaka alichochea moto. Mimi nililisha boila maji. Ndivyo tulivyosema sote, hata yule fundi Mjerumani aliyesimamia mitambo: boila hulishwa. Ni mnyama anayekula kuni na kunywa maji, na akikosa maji haombi. Hupasuka, akaondoka na waliomnyima.

Mvuke uliotoka katika boila ulisukuma pistoni, kisha ukaingia katika sanduku la chuma lililopozwa kwa maji ya ziwa. Humo uligeuka maji tena, yakanirudia yakiwa vuguvugu, nami nikayarudisha kwenye boila kwa pampu. Maji ya ziwa tuliongeza kidogo tu, kwa sababu mvua zikinyesha mito yetu huligeuza ziwa likawa na rangi ya udongo wa chungu kibichi. Maji yale yale, basi, yalipanda na kushuka siku nzima, kama mvua na ziwa vinavyopokezana. Lingekuwa jambo zuri kuliko yote waliyotuletea, kama si mafuta. Silinda zilipakwa shahamu ili pistoni iteleze, na mvuke ulipopita uliibeba. Maji yaliponirudia yalikuwa na macho ya mafuta yakielea juu, kama mchuzi wa nyama. Mafuta hayo yakiingia katika boila hugandamana na chuma cha tanuri, maji yasikiguse tena. Chuma hukolea moto, hulainika, na baada ya hapo hakuna wa kusimulia.

Kwa hiyo kabla ya kufika kwenye pampu yangu maji yalipita katika kisanduku cha kuchujia, na ndani ya kisanduku hicho mlikuwa na madodoki.

Ndiyo, madodoki, haya haya. Watu wale walivuka bahari na darubini na ramani na sheria ya kila kitu, hata ya upana wa barabara ya kwenda makaburini kwetu, kisha wakaja kuyaweka maisha yao katika kitu tunachosugulia visigino. Yalitambaa kwenye ua wa mama, pale Mwaya, na katika kiangazi yalipokauka yalining'inia na kugongana kwa upepo kama mifupa mitupu ya samaki. Mama aliyachuma, akakung'uta mbegu, nami nikayabeba hadi chomboni. Yalishika mafuta vizuri ajabu. Yakishiba yalikuwa ya kahawia na mazito, tukayatupa, tukaweka mapya. Nilimwona fundi akiyapapasa kwa mapenzi ambayo hakuwahi kumwonyesha binadamu yeyote kati yetu.

Kaka yangu hakutaka kuwa pale. Simsemi kama mtu aliyechukia kazi. Moto aliujua, na moto ulimtii. Lakini kwetu vijana wakishakua hawabaki nyumbani kwa baba zao. Hujenga kijiji chao, rika moja, bega kwa bega, na siku ya sherehe wazee huwakabidhi ardhi, kila mmoja na nyumba yake na migomba yake. Rika la kaka lilikuwa limejenga upande wa kuelekea Ikolo. Yeye alisimamisha mianzi ya kuta, akaikandika, na kabla hajafika kwenye paa askari walimkuta barabarani wakamchukua, kwa kuwa alikuwa na mabega. Nyumba ikabaki wazi juu. Nyumba isiyo na paa siku ya sherehe huhesabiwa kuwa ya mtu asiyekuwapo, na migomba yake hupewa mwingine. Mkewe aliishi kwa mama yetu akingoja. Wenzake walikwisha mtumia salamu mara nyingi: tunakucheleweshea sherehe, lakini wazee wanachoka.

Kutoroka hakukuwezekana. Mchochea moto mmoja aliwahi kutoroka, na baba yake akafungwa bomani badala yake mpaka alipojirudisha mwenyewe. Baba yetu alikuwa mzee wa kukohoa. Kaka hakutoroka.

Kisha ikaja habari kwamba Bwana Mkubwa fulani anatoka pwani kuja kulitazama ziwa. Nasema kulitazama, kwa maana sikupata kujua kazi nyingine aliyokuja kuifanya. Nahodha alimwita kaka sitahani, jambo ambalo halijawahi kutokea, akamwambia kwa Kiswahili chake cha amri:

"Wewe moto mzuri. Bwana Mkubwa safari salama, mvuke hapana pungua, wewe ruhusa. Kwenda kwako. Kabisa."

Kaka alishuka ngazi. Akachukua beleshi, akaliweka chini, akalichukua tena. Mwishowe akaniuliza, "Nyasi za kuezekea wamekwisha kata?"

"Wamebakiza za kwako," nikasema. Sikuwa na hakika, lakini niliona uso wake.

Maandalizi yakaanza. Shaba ilisuguliwa mpaka ikawa nyembamba. Mzinga ambao haujawahi kumpiga mtu isipokuwa viboko wa mtoni ulipakwa rangi upya. Aliyetusukuma alikuwa serahangi, msimamizi wa mabaharia, mtu wa pwani aliyeleta huku kofia ya kufuma, tasbihi, na imani kwamba Mungu alikuwa amechoka alipofika kuumba watu wa bara. Alituita washenzi kwa utulivu, kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Mbele ya nahodha mgongo wake ulijikunja wenyewe. Mbele yetu ulinyooka hata ukapinda upande wa pili. Nimewaona watu wengi wenye migongo miwili tangu hapo, ila yeye ndiye aliyekuwa fundi wao.

Nahodha alishuka chumba cha mitambo. Alishuka na kitambaa puani, akitazama mahali pa kuweka kila kiatu, kama mtu anayeingia zizini. Alipitisha kidole juu ya mabomba. Hakuona vumbi, akachukia. Alifika kwenye kisanduku changu, akafungua kifuniko.

"Uchafu gani huu?"

Walisema Kijerumani, lakini kwa muda niliokuwa humo nilikuwa nimeshakiokota cha kutosha.

"Ni kichujio, Bwana," fundi akajibu. "Huwa hivyo."

"Bwana Mkubwa atashuka hapa. Atakiona hiki. Weka vipya."

"Vipya bado vi kijani kwenye ua. Mvua ndiyo kwanza zimekwisha."

"Basi vioshwe. Kwa sabuni. Viwe vyeupe."

Fundi alifungua kinywa. Nilikuwa karibu naye, nilikiona kikifunguka, nikauona na ulimi wake ukijiandaa. "Bwana, sabuni ndani ya boila..." Nahodha akageuza shingo, akamtazama tu. Kinywa kikajifunga. Alikuwa mtu mkubwa, ndevu zake kama ufagio, mikono yake inaweza kufungua nati za chuma ambazo sisi tulizipiga nyundo, na neno moja lilimshinda uzito. Aliokota kifuniko akakipangusa. Nilimdharau saa ile ile, kabla hata sijajua ni neno gani alilolimeza.

Serahangi akanibebesha kapu la madodoki machafu, yeye akabeba mche wa sabuni, kwa kuwa sabuni ilikuwa na hadhi. Tukaenda mtoni Mwaya ambako wanawake walikuwa wanafua. Walikuwapo mama, mke wa kaka, na jirani yetu mmoja mjane ambaye ulimi wake ulijulikana kutoka ziwani hadi misheni.

"Ugonile, mama," nikasalimu.

"Haya, haya," serahangi akanikata. "Salamu baadaye. Enyi wanawake! Vitu hivi viwe vyeupe kama meno ya Bwana Nahodha."

Mjane akayainua madodoki kwa vidole viwili. "Meno ya Bwana nimeyaona alipokuwa akimfokea mwanangu. Ni ya njano. Tuyafanye ya njano?"

Wakacheka, wote, mpaka maji yakatikisika. Serahangi akasema ataita askari. Mjane akasema aite na sabuni nyingine, maana hiyo haitoshi.

Mke wa kaka alisogea karibu yangu akijifanya anachukua kapu. "Mume wangu hajambo huko motoni?"

"Hajambo, shemeji. Nyusi tu ndizo zimeungua."

"Mwambie ndege wamehamia katika nyumba yake. Akichelewa atakuta wana wajukuu." Alitabasamu, kisha akageuza uso upande wa mto, akabaki ameugeuzia huko.

Waliosha kama wanawake wa kwetu wanavyoosha. Sijaona penginepo watu wanaouchukia uchafu namna ile. Kwetu hata ng'ombe husuguliwa mbavu, na ua hufagiwa mpaka kuku wanaona haya kuupita. Madodoki yaliteswa juu ya mawe. Shahamu ikatoka, maji yakawa meusi, na povu likasimama juu ya mto kama kifaranga cha wingu. Na yalipokuwa meupe hawakuyasuuza.

Hii ni heshima ya kwetu. Sabuni ilikuwa mali ya wageni na haba. Mtu akikupa sabuni yake umwoshee kitu chake, huisuuzi yote ikaenda na maji. Unakirudisha kitu kikiwa bado na utelezi na harufu, ili mwenye mali anuse ajue kwamba sabuni yake iliishia katika kitu chake na haikuishia kwapani mwako. Anayerudisha kitu kisicho na harufu ametumia jivu na kuificha sabuni. Mwizi, kwa lugha fupi. Wanawake wale hawakuwa tayari kuitwa wezi na mtu yule. Waliyapaka tena mara ya mwisho, wakayakamua kidogo, wakayaanika juani na povu lake mpaka likakaukia ndani. Mama alikifunga kipande cha sabuni kilichosalia katika jani la mgomba, akakirudisha.

Serahangi alinusa dodoki moja. Akanusa jingine. Uso wake ukalegea. "Leo mmefanya kazi kama watu," akasema.

"Ndaga fijo," mama akajibu. Ni neno la shukrani, lakini kwa jinsi alivyolisema nilitazama chini nisicheke.

Siku ya safari mwera ulikuwa umeanza kuvuma kutoka kusini, mawimbi mafupi yenye hasira yakija yamepangana. Bwana Mkubwa alibebwa hadi kwenye mashua kwa kiti, kutoka kwenye mashua hadi sitahani kwa kiti, akaketi juu ya kiti. Alikuwa mnene, mwekundu, na mpole kwa namna ya mtu ambaye hajawahi kukatazwa kitu. Hakushuka katika mitambo. Hakuuliza hata kama ipo. Vyeupe vile havikuonwa na jicho lolote lililokusudiwa.

Fundi aliyapanga madodoki katika kisanduku kwa mkono wake. Nilimwona akiyaleta puani. Akasimama. Ndoo ya maji ilikuwa karibu na mguu wake. Angeniambia "suuza" ningesuuza, ingekwisha kabla nanga haijang'oka. Juu nahodha aliita, "Tayari?" Fundi akaita, "Tayari!" na akakifunga kifuniko juu ya harufu ile.

Tulitoka vizuri. Kaka alichochea kama mtu anayeezeka: kila kigogo mahali pake, hakuna pengo. Aliimba kwa sauti ya chini wimbo wa rika lake, wa kupandisha mianzi. Kupitia kitundu cha ubavuni nilimsikia Bwana Mkubwa akiuliza ule moshi wa mbali ni wa meli gani. Haukuwa moshi. Walikuwa wale wadudu wadogo wa ziwa wanaopanda kwa mawingu, ambao mama zetu huwakamata kwa vikapu wakatengeneza mikate. Nahodha alipaswa kujua. Alikuwa ametafuna wadudu hao kwa bahati mbaya mara ngapi! Lakini hakutaka Bwana Mkubwa awe amekosea. Aliagiza darubini iletwe, na wakaikagua meli ya wadudu, wawili wale, kwa uzito mkubwa.

Nilitazama kioo cha boila, kile kibomba kinachoonyesha kimo cha maji yaliyomo. Kilikuwa kimejaa hadi juu.

"Kaka," nikasema, "kioo kimejaa."

"Kimejaa nini?"

Nikainama nitazame vizuri. Wimbo wake ulikuwa umekatika.

"Povu," nikasema.

Wakati ule mtambo ukaanza kugonga. Si mlio wake wa kawaida, ule wa mwanamke anayetwanga. Ulikuwa wa nyundo juu ya fuawe, hauna mpangilio, kila pigo likipita katika sakafu hadi kwenye meno. Povu lilikuwa linapanda na mvuke, likiingia katika silinda, na pistoni ilikuwa inapiga maji ambayo hayakubali kubanwa. Kioo kilionyesha kwamba boila limeshiba kupita kiasi. Kilisema uongo. Maji ya kweli yalikuwa yanakwenda zake kwa njia ya mvuke, na huko chini, juu ya tanuri, hakuna aliyejua yamebaki kiasi gani.

Fundi alikuwa ameegemea ukuta. "Ni sabuni," akasema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayetaja jina la marehemu.

Kaka akamgeukia. "Ulijua?"

"Nilisema."

"Ulisema nusu."

Bomba la kusemea likakoroma juu yetu: "Mvuke! Mvuke zaidi! Watu wanatazama!" Na kweli walikuwapo, mitumbwi ya wavuvi ilikuwa imesimama kutazama jinsi manowari inavyogonga kama duka la mhunzi.

Kaka alikaa juu ya rundo la kuni. Sijawahi kumwona akikaa mbele ya tanuri lililo wazi. Nilijua anachokipima. Huenda povu lingetulia. Huenda lingetufikisha, na mwisho wa safari kuna ruhusa, na nyuma ya ruhusa kuna nyasi zilizokatwa tayari. Na akizima moto, na Bwana Mkubwa yuko juu, hapo kuna viboko hamsa ishirini mgongoni na hakuna paa, si mwaka huu wala mwingine.

Mtambo ukapiga pigo moja kubwa, na kifuniko cha silinda kikapata ufa, na mvuke ukaanza kupuliza pembeni kama nyoka.

"Mdogo wangu," akasema, "sisi tukifa humu mama atazika nini? Povu?"

Akasimama, akachukua kulabu ndefu, akaanza kuvuta vigogo vinavyowaka kutoka tanurini hadi kwenye sinia la majivu. Mimi nikavimwagia maji. Fundi hakutusaidia, na hakutuzuia. Alitazama mikono yake. Moto ulipokufa kabisa, ule ukimya uliotujia ulikuwa mkubwa hata nikasikia mawimbi, ambayo kwa muda wote niliokuwa chumbani humo sikuwahi kuyasikia.

Serahangi alishuka kwanza. Alituona, akaona tanuri jeusi, akajipiga makofi mapajani. "Mmeniua! Washenzi, mmeniua!"

"Hujafa," kaka akasema. "Ndiyo maana tumezima."

Juu nilimsikia nahodha akimweleza Bwana Mkubwa kwa sauti laini kama siagi. Mchochea moto, mshenzi mmoja, amezima moto kwa ukorofi. Amekwisha fungwa. Yuko chini, amefungwa mikono na miguu. Hakutaja sabuni. Fundi alipoitwa kuthibitisha alithibitisha.

Serahangi akamfunga kaka kwa kamba, haraka, ili maneno ya nahodha yawe kweli. Lakini mwera haukuwa na habari na maneno ya nahodha. Ulituchukua ubavu ubavu, ukiturudisha kaskazini, pwani ya kwetu, na nanga ilihitaji mikono. Mabaharia wawili walikuwa wanatapika. Serahangi akashuka tena.

"Nakufungua," akamwambia kaka. "Nitakufunga baadaye."

"Sawa," kaka akasema. "Nikumbushe."

Nanga iliburura mchanga, ikashika mahali ambapo maji yanampita mtu kichwa. Mashua ikateremshwa, nayo ikakwama mbali na nchi kavu, kwa sababu pwani yetu huingia ziwani kwa taratibu. Watu wa Mwaya walikuwa wamejaa ufukweni. Wengine walikuwa wamekimbia kutoka Ikolo kwa kusikia kugonga kule. Bwana Mkubwa alisimama mashuani akiangalia maji kama mtu anayeangalia deni. Kiti chake kilikuwa kimebaki chomboni.

"Mtu wa kubeba!" nahodha akapiga kelele. "Mwenye nguvu! Upesi!"

Kaka alikuwa ndani ya maji tayari. Ndiye aliyeisukuma mashua. Wimbi lilikuwa limemwosha. Masizi yote yalikuwa yametoka, na kwa mara ya kwanza tangu siku aliyochukuliwa alikuwa na uso. Akageuza mgongo, akainama. Nahodha mwenyewe akamsaidia Bwana Mkubwa kupanda, akamshika kaka bega kumwimarisha, akamtazama machoni toka karibu kama mimi ninavyoutazama mkono wangu. Hakumjua. Alimwita sitahani, akampa ahadi kwa kinywa chake, akamfunga kwa kinywa hicho hicho, na hakumjua. Nilisimama katika maji nikiwa na sanduku la vyombo kichwani, na dharau iliyonipanda ilikuwa safi hata ikakaribia kuwa furaha.

Mimi nilimwona serahangi alipotambua. Alikuwa nyuma yao. Shingo yake ilinyooka, mkono ukainuka, ukabaki hewani.

Kaka alitembea taratibu. Hakuutikisa mzigo wake. Wanawake wakapisha, na mmoja wao alikuwa mkewe, ambaye alishika mdomo. Kaka alimtua Bwana Mkubwa juu ya mchanga mkavu, kama mtu anayetua mtungi wa mwingine. Bwana Mkubwa alijinyoosha koti, akafurahi. Mtu anayebebwa vizuri humpenda anayembeba kwa muda wa kutosha kuuliza jina.

"Huyu ni nani?" akauliza kwa Kiswahili.

Nahodha akamtazama serahangi. Serahangi akamtazama nahodha. Niliona kila kitu kikipita katika uso wa mtu yule wa pwani: akisema ni mchochea moto, basi mchochea moto hakufungwa, na kama hakufungwa, nahodha alisema uongo, na akianza kuulizwa kwa nini moto ulizimwa, mwisho wa maswali ni kapu la madodoki, na aliyeyanusa akayasifu ni yeye.

"Mtu wa kijiji hiki, Bwana Mkubwa," akasema. "Mtu tu."

"Mtu mzuri. Mwambie ahsante. Aende nyumbani kwake."

"Umesikia," serahangi akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Nenda nyumbani kwako."

Kaka aliinamisha kichwa kwa Bwana Mkubwa, akapita katikati ya watu, akaingia migombani. Hakukimbia.

Baadaye walipohitaji mchochea moto wa kumpiga, hakuwapo. Ikatangazwa kwamba alijitupa ziwani akiwa na kamba zake, akafa maji. Maiti hatoroki, na baba wa maiti hafungwi. Serahangi alitumwa kumpa mama habari. Mama alikuwa ameshika chungu cha chakula cha mwanawe. Alikiweka chini, akalia kilio kilichowatoa majirani wote nje, na mjane akadakia, na mke wa kaka naye. Kaka aliniambia kwamba aliwasikia kutoka nyuma ya ua, wakamlilia vizuri mno hata akakaribia kujihurumia.

Aliezeka nyumba. Sherehe ilipofika paa lilikuwa bado linanuka nyasi mbichi. Mimi nilibaki chomboni nikilisha boila lililotengenezwa, chini ya fundi yule yule, ambaye tangu hapo aliacha kunitazama usoni. Nahodha aliendelea kusema "mbele".

Kiangazi kilipoiva kisanduku kilihitaji madodoki mapya, na ua wa mama ulikuwa umezaa machache mwaka ule. Serahangi alinichukua tukatafute upande wa Ikolo. Tulipita nyumba moja baada ya nyingine katika kijiji cha rika, mpaka ua mmoja uliosheheni madodoki makavu, yakigongana kwa upepo. Mwenye nyumba alikuwa amekaa mlangoni akisuka mkeka. Kaka yangu.

Serahangi alisimama. Akamtazama maiti wake kwa muda. Kisha akatazama paa, anga, ndege.

"Hujambo, mwenyeji," akasema.

"Sijambo, mgeni. Karibu."

"Tunataka madodoki. Ya serikali."

"Chukueni." Kaka hakuinua kichwa. Mikono yake iliendelea kusuka. Tulichuma tukajaza kapu, serahangi akigeuza mgongo muda wote, mgongo wake ule wa kujikunja, na tulipofika njiani kaka akaita nyuma yetu:

"Mgeni! Yakichafuka mkiyaosha, yasuuzeni."

Serahangi hakugeuka. Alisema tu, kwa hewa, "Ahsante," nami nikabeba kapu mbele yake hadi ziwani, nikisikia madodoki yanavyogongana.